Ufunguo wa Kadi: Historia ya Java katika Vifaa Vidogo, Ikitazamwa Kutoka Midia

Utangulizi

Katika wilaya ya Koboko, simu ya mtu huweza kumkaribisha Kongo au Sudan Kusini hali yeye mwenyewe hajavuka mpaka. Mawimbi hayaombi pasi. Midia, tarafa ninayoizungumzia katika insha hii, imo katika wilaya hiyo iliyo kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, mahali nchi hizo tatu zinapokutana. Mpaka mwaka 2005 Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mpaka, na soko la Ariwara upande wa Kongo linatembelewa na watu wa upande wetu kama soko la nyumbani. Si ajabu, basi, kumkuta mfanyabiashara ana laini mbili au tatu na simu ndogo ya vibonye yenye tochi.

Simu hiyo wengi wetu tunaiita "ya kawaida", tukiwa na maana kwamba ndani yake hamna kitu. Dhana hiyo si sahihi. Ndani ya simu hiyo kuna kompyuta ya pili ambayo ni laini yenyewe. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake na faili zake, na katika kadi nyingi ina pia mashine pepe inayoendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Mtu anaibeba kompyuta hiyo mfukoni miaka mingi bila kujua kuwa ni kompyuta.

Insha hii inafuatilia jinsi Java ilivyoingia katika vifaa vidogo vya namna hiyo, na jinsi waundaji walivyosimamia maunzi, yaani sehemu za kifaa zinazoshikika: kumbukumbu, umeme, pini na waya za mawasiliano. Hoja yangu ni kwamba historia hii ni historia ya kugawa uhaba. Kila uhaba ulipogawiwa, palikuwa na mtu aliyeshika ufunguo wa kuamua programu ipi iguse maunzi. Ufunguo huo umehama mara kadhaa katika miaka 30 iliyopita, lakini haujafika mkononi mwa mwenye simu.

Lugha iliyozaliwa kwa ajili ya vifaa

Vitabu vingi vya kompyuta humtambulisha mwanafunzi kwa Java kama lugha ya intaneti. Asili yake ni tofauti. Mwaka 1991 wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems huko California, wakiwemo James Gosling, Mike Sheridan na Patrick Naughton, walianza mradi ulioitwa Green. Walitaka kutengeneza programu za vifaa vya nyumbani. Tatizo lao lilikuwa kwamba vifaa hivyo vilitumia vichakataji vya aina nyingi, na programu iliyoandikwa kwa kimoja haikufanya kazi katika kingine. Gosling akaunda lugha aliyoiita Oak. Programu za lugha hiyo hazikulenga kichakataji chochote halisi. Zililenga mashine pepe, na kila kifaa kingekuwa na mashine pepe yake ya kuzitafsiri. Mwaka 1992 walionyesha kifaa cha mkononi kilichoitwa Star7.

Biashara ya vifaa haikufanikiwa. Intaneti ilipopanda, lugha ile ile ilibadilishwa jina na kutangazwa kwa umma kama Java tarehe 23 Mei 1995. Ahadi yake ilikuwa kwamba mtu aandike programu mara moja, iendeshwe popote.

Ni vyema tuitazame ahadi hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyokuja kujaribiwa katika vifaa vidogo. Mashine pepe humficha mwandishi wa programu asione maunzi. Katika kompyuta ya mezani jambo hilo ni faida, kwa kuwa kumbukumbu ni nyingi na umeme haukatiki ovyo. Katika kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, maunzi hayafichiki. Baiti zikiisha, zimeisha.

Kadi isiyo na betri

Kadi zenye chipu zilikuwepo kabla ya Java. Mfaransa Roland Moreno alizisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1974. Laini za kwanza za simu za GSM zilitengenezwa na kampuni ya Kijerumani, Giesecke & Devrient, mwaka 1991 kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland. Kila mtengenezaji alikuwa na namna yake ya kuandika programu ndani ya kadi, na programu ilichomwa kiwandani. Kuibadilisha kulihitaji kutengeneza kadi upya.

Mwaka 1996 wahandisi wa kampuni ya Schlumberger mjini Austin, Texas, walifanikiwa kuingiza sehemu ndogo ya Java ndani ya kadi. Hapo ndipo ilipozaliwa Java Card. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 1997, lilihitaji angalau kilobaiti 16 za kumbukumbu ya kudumu isiyobadilika, kilobaiti 8 za kumbukumbu inayoandikika, na baiti 256 za kumbukumbu ya muda. Baiti 256! Maneno ya aya hii peke yake hayaenei humo.

Ili Java ienee katika nafasi hiyo, ilibidi ikatwe. Namba zenye desimali ziliondolewa. Uwezo wa kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja uliondolewa. Hata ile huduma maarufu ya Java ya kufagia kumbukumbu isiyotumika haikuwa ya lazima, kwa hiyo mwandishi aliyezoea kuumba vitu na kuvitupa alijikuta ameijaza kadi mpaka pomoni. Kanuni ya waandishi wa kadi ikawa kuomba nafasi yote unayoihitaji siku programu inapowekwa, kisha usiombe tena.

Kumbukumbu zenyewe zilikuwa na tabia tofauti, na hapa mfano wa darasani unasaidia. Kumbukumbu ya muda ni kama ubao wa chaki: unaandika na kufuta upesi, lakini umeme ukikatika maandishi yote yanapotea. Kumbukumbu inayoandikika ni kama daftari la penseli: maandishi yanabaki, ila kuandika ni polepole, na ukifuta mahali pamoja mara nyingi mno karatasi inachanika. Kwa kawaida chipu za wakati huo ziliweza kuandikwa mahali pamoja mara 100,000 hivi kabla ya kuanza kuchoka. Mwandishi aliyeweka hesabu ndogo ya muda katika daftari badala ya ubaoni aliweza kuiua kadi ya mteja pole pole bila mteja kujua sababu.

Mawasiliano ya kadi na simu nayo yalikuwa finyu. Kwenye uso wa dhahabu wa laini, viguso vinavyofanya kazi kwa kawaida ni 5: cha umeme, cha kuanzisha upya, cha mapigo ya saa, cha ardhi, na kimoja tu cha kupitisha data kwenda na kurudi. Kadi haina betri, na hata saa yake inaazimwa kutoka kwenye simu. Simu ndiyo mkuu: inauliza, kadi inajibu. Betri ya simu ikiisha au kadi ikichomolewa katikati ya kazi, kila kitu kinasimama.

Kwa sababu hiyo, waundaji wa Java Card waliweka kanuni ya "yote au hakuna". Mabadiliko yanayotegemeana hufungwa pamoja. Umeme ukikatika kabla hayajakamilika, kadi ikiwashwa tena huyarudisha yalivyokuwa mwanzo. Pia waliamua kwamba mashine pepe ya kadi haifi. Inasinzia umeme unapokatika, na ikiamka vitu vyake vya kudumu vipo pale pale. Kwa mahali kama West Nile, palipokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ya umeme na ambapo kuchaji simu kulikuwa biashara ya vibanda, kanuni hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Menyu ndani ya laini

Kadi iliyozoea kujibu tu iliwezaje kumwonyesha mtu menyu? Kiwango cha GSM cha miaka ya katikati ya 1990 kilitoa hila nzuri. Simu huiuliza kadi hali yake kila baada ya muda mfupi. Kadi ikiwa na haja, katika jibu lake huongeza alama yenye maana ya "nina neno". Simu inakwenda kulichukua neno hilo: onyesha menyu hii, uliza namba hii, tuma meseji hii. Mtumwa wa itifaki alipata njia ya kumwagiza bwana wake, ilimradi asubiri kuulizwa. Mwaka 1999 viwango vilieleza jinsi programu ndogo za Java, ziitwazo apleti, zitakavyotumia njia hiyo.

Afrika Mashariki iliujua uwezo huu kwa jina la M-Pesa. Baada ya majaribio yaliyoanza 2005, Safaricom ilizindua huduma hiyo Kenya tarehe 6 Machi 2007. Aliyetaka kujiunga alipewa laini mpya yenye menyu ya M-Pesa ndani yake. Mteja alichagua kutuma pesa, akaandika namba, kiasi na namba ya siri. Laini ikayafunga maneno hayo kwa usimbaji na kuyatuma kama meseji. Salio lake halikuwa ndani ya kadi, lilikuwa katika kompyuta za kampuni. Kazi ya kadi ilikuwa kuuliza maswali na kulinda siri njiani. Simu ya bei ndogo kabisa ilitosha.

Hapa ndipo ufunguo unapoonekana. Kadi ya Java inaweza kupokea apleti mpya hata baada ya kutoka kiwandani, kupitia hewani. Lakini haipokei kutoka kwa yeyote. Inadai uthibitisho kwa funguo za siri, na funguo hizo anazo mwenye mtandao. Toleo la 2.1 la mwaka 1999 liliweka pia ukuta kati ya apleti na apleti, moja isichungulie mali ya nyingine. Mteja amenunua laini, ameilipia, anaibeba, lakini hana namna ya kuweka hata mstari mmoja wa programu ndani yake. Ni kama kukodi duka ambalo mwenye nyumba peke yake anaamua bidhaa za kupanga kwenye rafu.

Kwa upande mwingine, tusiharakishe kulaumu. Kama kila mtu angeweza kuweka apleti katika laini, mwizi naye angeweza. Kufuli lile lile linalomzuia mwanafunzi ndilo linalolinda ada ya shule iliyotumwa na mzazi wake.

Baiti 12 za mpakani

Laini ina pia faili zinazosimulia historia ya mahali. Kila nchi ina namba yake ya mtandao: Uganda ni 641, Kongo ni 630, Sudan Kusini ni 659. Katika laini ya kizazi cha pili kuna faili ya baiti 12 inayoorodhesha mitandao iliyoikataa laini hiyo. Kila mtandao huchukua baiti 3, kwa hiyo nafasi ni 4 tu. Ukija wa tano, wa zamani kuliko wote huondolewa. Kuzima simu na kuiwasha hakufuti orodha hiyo, kwa sababu imeandikwa katika daftari la kadi, si ubaoni.

Mjini Kampala faili hii haina kazi kubwa. Mpakani ina kazi. Mawimbi ya nyumbani yakififia, simu hujaribu mtandao wa jirani, hukataliwa ikiwa hakuna makubaliano, na huandika kukataliwa huko. Sehemu hizi za West Nile zilikuwa chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji katika eneo la Lado, zikawa chini ya Sudan mwaka 1910, kisha zikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Serikali tatu ziligawana watu wa lugha moja. Miaka 100 baadaye, mgawanyo huo huo umeandikwa katika baiti 12 ndani ya mfuko wa shati.

Kutoka kwenye kadi hadi kwenye mtandao

Nchini Uganda MTN ilizindua huduma yake ya pesa kwa simu mwaka 2009. Njia iliyozoeleka hapa imekuwa kupiga namba yenye nyota na reli: *165# kwa MTN, *185# kwa Airtel. Njia hiyo inaitwa USSD. Hapa programu haimo katika kadi hata kidogo. Simu hufungua kikao na kompyuta za mtandao, na menyu huletwa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na herufi zisizozidi 182.

Kampuni zilikuwa na sababu nzuri. Menyu ikibadilika, inabadilishwa mahali pamoja; hakuna haja ya kuwaita watu mamilioni waje kubadilisha laini. Uhaba wa baiti ukawa umekwisha. Lakini uhaba haukufutika, ulihama. Sasa kinachopungua ni sekunde. Mtu anayesoma menyu polepole, au ambaye mawimbi yake yanapotea na kurudi, kikao kinafungwa kabla hajaandika namba ya siri, naye anaanza upya. Ile kanuni ya "yote au hakuna" iliyokuwa ndani ya kadi sasa imo katika kompyuta ambazo mteja hazioni, na akiwa na shaka kama pesa zimekwenda au hazikwenda, njia yake ni kusubiri meseji.

Wakati huo huo, laini ilizidi kuwa kitambulisho. Uganda ilianza kusajili laini mwaka 2012, na mwaka 2017 usajili ulifungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa. Kadi iliyoanza kama mlango wa mtandao ikawa mlango wa pesa, kisha mlango wa jina la mtu.

Moduli na kisanduku cha sola

Tawi la pili la historia hii ni moduli, yaani simu isiyo na kioo wala vibonye, inayofungwa ndani ya kifaa kingine. Siemens ilitengeneza moduli ya TC65 katikati ya miaka ya 2000. Mnunuzi aliweza kuandika programu ya Java na kuiweka mwenyewe ndani yake, bila kuongeza kichakataji kingine. Alipewa takriban kilobaiti 400 za kumbukumbu ya muda na megabaiti 1.7 za kuhifadhia. Ukilinganisha na kadi, huo ni utajiri.

Hata hivyo, ahadi ya kuandika mara moja ilivunjika papo hapo. Kiwango cha Java cha vifaa visivyo na kioo, kilichopitishwa mwaka 2003, kilieleza mtandao na kuhifadhi data, lakini hakikueleza pini. Na kifaa kisichogusa pini hakiwezi kuwasha taa wala kusoma kipima joto. Siemens ikaongeza kifurushi chake chenye jina lake. Kupitia humo, programu ya Java ilituma amri za AT, maneno mafupi yaliyorithiwa kutoka modemu ya Hayes ya mwaka 1981. Lugha ya kisasa ililazimika kuongea kwa kilugha cha babu yake. Kitengo hicho kilipokuwa kampuni ya Cinterion mwaka 2008, na baadaye vifurushi vikabadilishwa jina, programu za zamani zilihitaji kurekebishwa ili ziendeshwe katika moduli mpya za mtengenezaji yule yule. Katika Java ME 8 ya Oracle ya mwaka 2014, pini na waya za mawasiliano zilikuwa na njia moja ya kuguswa.

Kwa mwananchi wa kijijini, moduli ilifika ikiwa imefichwa katika kisanduku cha sola. M-KOPA ilianza kuuza Kenya mwaka 2012, kisha ikaingia Uganda. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa miongoni mwa waliobuni M-Pesa. Ndani ya kisanduku kuna moduli ya GSM yenye laini yake. Mteja akilipa kwa simu, kampuni huruhusu taa kutoka mbali. Asipolipa, taa huzimwa. Fenix International, iliyofanya kazi Uganda pamoja na MTN, ilichukua njia nyingine: mteja alilipa, akapata namba kwa meseji, akaibonyeza kwenye kisanduku, nacho kikafunguka kwa siku alizolipia.

Njia hizi mbili ni majibu mawili kwa swali moja la rasilimali. Ya kwanza hutumia moduli, antena na umeme wa kuisubiri ishara. Hutegemea mawimbi yafike mpaka kwenye nyumba. Ya pili huhamishia kazi ya kusafirisha ujumbe kwa vidole vya mteja. Haina moduli, na hufanya kazi hata bondeni yasikofika mawimbi, kwani mtu anaweza kupanda kilimani na simu yake na kurudi na namba. Katika tarafa za mpakani, hiyo ya pili si njia ya kishamba. Ni usimamizi mzuri wa maunzi. Lakini katika zote mbili, mwenye nyumba amelala chini ya taa ambayo swichi yake halisi iko ofisini kwa mtu mwingine, hadi deni liishe.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba uhaba katika vifaa vidogo haukuwahi kuondolewa, ulihamishwa. Ulitoka kwenye baiti za kadi, ukaenda kwenye sekunde za kikao cha mtandao, ukaenda kwenye siku za kisanduku cha sola. Ufunguo ulihama nao: kutoka kwa kiwanda, kwenda kwa kampuni ya simu, kwenda kwa mkopeshaji. Mhandisi aliyenunua moduli aliushika kwa muda, kisha akamfungia mteja wake.

Wapo watakaosema kwamba mkulima wa Midia hahitaji ufunguo. Anahitaji taa na pesa zifike. Nakubali nusu. Hahitaji kuandika apleti. Anahitaji kujua kwamba kuna mtu aliyeandika, ni nani, na aende kwa nani mambo yakiharibika. Mtu asiyejua kuwa laini ni kompyuta hawezi hata kuuliza swali hilo. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tunahusika, kwa sababu katika soko la Koboko watu wa lugha nyingi hukutana kwa Kiswahili, na maneno kama mashine pepe, apleti na usimbaji bado yanakaa darasani tu. Tukiyapeleka sokoni kwa mifano ya ubao na daftari, mwenye simu ya tochi ataanza kuuliza ufunguo wake uko wapi.